Leso ya Mkaja

Mwezi wa Agosti 2018, shule zilipofungwa, mdogo wangu wa kike aliolewa na kijana wa Mumias, na mimi ndiye niliyekabidhiwa wageni. Walikuwa watu 22, wengi wao hawajapata kuiona bahari, na wangekaa nasi Mombasa siku nne. Mamangu aliniita jikoni akaniambia, "Wewe ndiye wa kalamu humu ndani, waandikie wajue pa kwenda, wasije wakazurura juani." Nikaketi usiku mmoja nikaandika kurasa mbili, nikazituma kwa simu ya shangazi yake bwana harusi, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza deni.

Sitaficha kwamba niliionea fahari kazi ile. Niliwaeleza kuwa treni haiingii kisiwani bali huishia Miritini, upande wa bara, kwa hiyo wasipande gari lolote kabla ya kupatana nauli. Ngome ya Yesu niliipa aya nzima: jinsi Wareno walivyoanza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu hadi wakaiteka mwaka 1698, Waingereza wakaigeuza jela, na hatimaye mwaka 2011 UNESCO wakaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Upande wa chakula niliandika mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi vya karai kwa ukwaju jioni, na mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu kule Mama Ngina, mahali ambapo mtu hula akizitazama meli zikiingia Kilindini. Niliwaonya kwamba Agosti ni wakati wa kusi, upepo ni mkali na mwani hujaa ufuoni, na kwamba waende Bamburi maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakishakupwa utatembea mwendo mrefu juu ya mchanga na mawe kabla ya kulowa magoti. Kuhusu kununua vitu niliandika sentensi moja tu: leso nzuri zauzwa Barabara ya Biashara, na bei hupungua kwa mwenye maneno mazuri. Sentensi hiyo ndiyo iliyotuponza.

Waliteremka Miritini Jumatano usiku, baada ya basi la kutoka Mumias hadi Nairobi na treni ya kutoka Nairobi, wamechoka lakini wachangamfu. Tuliwagawa katika nyumba tatu za majirani hapa Kibokoni. Nilikuwa nikihofia kwamba watajiona wageni mno, nikasahau kwamba Uislamu wao huko Mumias ulitokana na misafara ya Waswahili waliopanda bara katika karne ya 19. Alfajiri waliposikia adhana walitutangulia msikitini, na nyanya yake bwana harusi, ambaye wote walimwita Kukhu, alijua kaswida ambazo sisi tuliokulia hapa tumezisahau.

Alhamisi niliwatembeza mwenyewe. Kukhu aliingia Ngome ya Yesu, akapanda mpaka katikati, akaketi kwenye kivuli akaziangalia kuta zile nene kwa muda mrefu. Nilipomaliza kumsimulia habari za Wareno na Waomani, aliniuliza, "Na hawa wote, mwanangu, walikuwa wakimwogopa nani?" Nikaanza kumjibu, nikaona sina jibu fupi, na yeye alikuwa ameshasimama.

Kilichompendeza ni kivuko cha Likoni, jambo ambalo sikuliandika popote, kwani nani aliyezaliwa Mombasa atamwambia mgeni wa harusi aende akasukumwe na umati pale? Tulivuka kwa sababu ya jamaa mmoja aliyetaka kumwona rafiki yake ng'ambo. Kukhu alipojua kwamba anayevuka kwa miguu halipi hata senti, aliuliza mara mbili ili ahakikishe, kisha akatangaza kwamba hateremki. Tulivuka mara tatu. Alisimama ubavuni akiwa ameshika chuma kwa mikono miwili, mtandio wake ukipeperushwa na kusi, na safari ya pili tulipolazimika kungoja meli kubwa ya makontena ipite mbele yetu, alihesabu makontena yote aliyoweza kuyaona, safu moja baada ya nyingine, akinitajia hesabu kwa sauti kana kwamba nitaulizwa mbele ya safari.

Tulipokuwa huko majini, shangazi yake bwana harusi pamoja na wanawake wawili walikwenda Barabara ya Biashara peke yao. Walikuwa wamesikia kwamba kwetu mama wa bi harusi hupewa mkaja, yaani zawadi ya heshima kutoka upande wa bwana harusi, na kwa heshima yao hawakutaka kutuuliza tukaonekana tunaomba. Walichagua doti ya zambarau na manjano, yenye korosho kubwa katika mji wake, yaani sehemu ya katikati, na pindo jeusi, leso nzuri kwelikweli. Wakampa fundi aliyekuwa na cherehani barazani aikate na kuipinda, ili mama aipokee ikiwa tayari kuvaliwa.

Ijumaa asubuhi waliileta ndani, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa, pamoja na ubani na udi. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake wa mtaani. Khalati yangu, dada yake mama, ndiye aliyeipokea kwa niaba ya mama, akaikung'uta na kuitandaza mbele ya watu wote, na pale chini ya korosho, kwa herufi kubwa nyeusi, tukasoma: MDHANIAYE NDIYE SIYE.

Wanaoijua leso hawahitaji kuelezwa. Kwetu leso husema kwa niaba ya aliyeivaa au aliyeitoa. Mtu humjibu jirani yake kwa leso mwaka mzima bila ya kufungua mdomo. Maneno yaliyoandikwa juu yake ndiyo tunayoyaita jina. Sasa hili jina lilikuwa limemlenga nani? Bi harusi? Mama aliyemlea? Nyuma yangu kuna aliyeguna, na mwingine akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Khalati akaikunja leso upesi, jina likaingia ndani, akasema "ahsanteni" kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Shangazi alikuwa ameshaziona nyuso zetu. Alinivuta ukumbini hadi uani. "Nimekosea nini, mwanangu?" Nikamweleza. Akaweka kiganja mdomoni. "Mimi niliyasoma yale maneno, nikadhani ni mawaidha tu!"

Ilikuwa imebaki chini ya saa moja kabla ya maduka mengi kufungwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Tuliingia tuktuk, yeye na mimi, tukamwambia kijana asisimame kwa lolote isipokuwa watu. Mwenye duka hakukubali kuirudisha, naye alikuwa na haki yake: leso ikishakatwa na kupindwa imeshapata mwenyewe. Ndipo nikamwomba kitu ambacho nilipaswa kukiandika tangu siku ya kwanza, kisutu, ile leso ya arusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo ile ya asili haina jina lolote la kumchoma mtu. Shangazi alitaka kulipa mwenyewe na nilimwachia, maana nilimwona kwamba angelia kama ningemkatalia.

Tuliporudi, mama alikuwa ameshaambiwa, kwani nyumba ya arusi haifichi neno. Tulimkuta uani penye masufuria ya pilau, ameivaa leso ile ya zambarau juu ya dera lake, jina limekaa sawasawa nyuma, kila apitaye alisome. Alipomwona shangazi alimwita kwa jina la mkwe. "Njoo, mkwe. Mimi nilidhani watu wa bara mtakuwa wagumu, nikawa sipati usingizi wiki nzima. Kumbe siye. Leso yako yasema kweli." Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu walicheka hadi mmoja akaangusha kisu. Kisutu alikipokea pia, akakitia sandukuni na hajakivaa mpaka leo.

Nikahi ilipita salama Jumamosi, na sina la kuongeza juu yake.

Jumapili, siku ya kurudi Miritini, Kukhu alinijia mlangoni amevaa leso mpya aliyojinunulia mwenyewe jana yake. Nakiri kwamba nililitazama jina kabla ya kumwamkia, na nikaona herufi zote zimepinduka, ameivaa juu chini. Nilipomwambia kwa upole kwamba ameikosea, alinikazia macho. Hakuikosea, alisema, ameivaa hivyo ili akiinama aweze kuisoma mwenyewe. Kisha akauliza kama kabla ya treni kuna wasaa wa kuvuka Likoni mara moja tu.