Nilivyoinasa ERK ikirudi baada ya dawa

Niliambiwa nipime ERK (protini inayoiamrisha seli igawanyike) saa moja tu baada ya kuweka dawa, inatosha. Haitoshi! Ukiziwekea seli za HT-29 (saratani ya utumbo mpana yenye badiliko la V600E kwenye BRAF, protini inayoiwasha ERK) vemurafenib, dawa ya kuizima BRAF hiyo, ya mikromola 2, saa moja baadaye ERK yenye fosfeti (ndiyo iliyo kazini) imefifia na unajiona umeshinda. Kesho yake imerudi. ERK ikiwa kazini huibana EGFR, kipokezi cha ishara za ukuaji kule juu kwenye ngozi ya seli; ukiizima, EGFR inapata nafasi, inaiamsha RAS, protini inayopokea ishara hiyo, na ishara inapita kwa CRAF, ndugu wa BRAF, kama bodaboda anayekwepa foleni ya Kampala. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 2012, na ndiyo sababu dawa inayosaidia saratani ya ngozi (melanoma) ya BRAF hiyohiyo haifui dafu peke yake kwenye utumbo: seli za melanoma kwa kawaida zina EGFR kidogo.

Nilipima saa 0, 1, 6, 24 na 48. Kosa la wengi ni kuweka dawa zote asubuhi moja na kuvuna kwa zamu, ukaishia kulinganisha seli chache na seli zilizosongamana. Mimi nilianza na kisima cha saa 48, nikamalizia na cha saa 1, nikavuna vyote kwa mkupuo mmoja. Kisima cha saa 0 kilipata DMSO tupu (kiyeyushi cha dawa), asilimia 0.1 kama vingine.

Jaribio la kwanza lilinidanganya vizuri sana. Umeme ulikatika nikiwa nimeshazipasua seli, jenereta ikachelewa, mirija ikakaa mezani bila barafu. Picha ya western blot (kipimo kinachoonyesha protini kama mistari) ilipotoka, ERK yenye fosfeti haikuonekana popote. Nikashangilia kwamba dawa imefagia kila kitu. Kisha nikatazama safu ya DMSO: nayo tupu! ERK ya jumla ilikuwapo, mistari yake miwili ya kilodaltoni 42 na 44 imenyooka kabisa. Vimeng'enya vya seli vilikuwa vimeng'oa fosfeti zote, dawa haikuhusika hata kidogo.

Safari ya pili nilinunua barafu ya wauza samaki mapema, kapu zima, ya shilingi elfu chache. Kwenye RIPA (maji ya kupasulia seli) niliongeza sodiamu floridi milimola 10 na vanadati milimola 1, za kuvizuia vimeng'enya hivyo. Vanadati hiyo usiitumie mbichi: ipandishe pH hadi 10, itageuka njano, ichemshe mpaka iwe kama maji, ipoe, urekebishe pH, urudie hadi njano isirudi tena. Ukiruka hapo, umetia chumvi tu.

Protini mikrogramu 20 kwa kila safu, jeli ya asilimia 10, kisha nikazihamishia kwenye utando. Kuziba utando, ili kingamwili za kuitafuta ERK zisinate ovyo, nilitumia BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 5, si maziwa ya unga, ingawa kila mtu ananiambia "maziwa yanafaa, ssebo (bwana)". Yana kaseini iliyojaa fosfeti, na sikutaka kubahatisha. BSA ni ghali, lakini ile ya kuchanganyia kingamwili unaweza kuitumia tena.

Saa 1 mstari ulififia, saa 6 ukaanza kuonekana, saa 24 ukawa mnene. Nilipoongeza cetuximab ya kuizuia EGFR, mikrogramu 10 kwa mililita, mstari wa saa 24 ulibaki mwembamba kama uzi.