Kumbe subira ninayo

Wifi amesharudi kwake, lakini neno lake kaniachia. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo mpaka kazini, siku ileile tuliyotangaziwa kwamba idara yetu inaunganishwa na ya ghorofa ya chini na kwamba bosi ni mpya.

Jumamosi, kama mnavyojua, ni siku ya kubadilisha maji ya Mzee, kambare wangu wa kwenye tangi. Wifi alikuwa hajawahi kumwona. Alipoinama kwenye kioo akashika kifua: "Wifi, samaki wako amekufa!" Mzee alikuwa zake chini ya gogo, tumbo juu, ametulia tuli. Nikamwambia ndivyo alivyo, kambare wa aina hii huogelea mgongo ukiwa chini, asili yao bonde la Mto Kongo, na ndiyo maana tumbo lake limekoza weusi kuliko mgongo, kinyume cha samaki wengine. Akanitazama kama anayeuziwa kitu. Kisha akavuta kiti, akakaa kunitazama nikifanya kazi.

Nikazima taa ya tangi, maana kambare ni wa usiku na mwanga na mikono kwa pamoja ni vurugu tupu. Nikachomoa hita kwenye umeme, kwa sababu ikibaki inawaka huku maji yanashuka, kioo chake kinaweza kupasuka. Nikaingiza mpira, nikaanza kunyonya uchafu juu ya changarawe upande ule asiokaa yeye. Robo ya tangi, basi. Lita 30 kati ya 120.

"Si umtoe tu umweke kwenye beseni, umwage yote, usugue, umalize?"

"Kumtoa ndiko kumtesa, wifi. Mapezi yake yana miba, inanasa kwenye wavu. Na yale yote nikiyamwaga, nitakuwa nimemhamisha bila kumuuliza."

Hapo nilianza kunogewa, nakiri. Nikamweleza kwamba kambare hana magamba, ngozi ni tupu, na anaonja kwa sharubu na kwa ngozi hiyohiyo, kwa hiyo maji kwake ni hewa na ni chakula mdomoni kwa wakati mmoja. Kwamba klorini ya bomba inaunguza matamvua. Ukiyaacha maji wazi siku nzima itatoka yenyewe, lakini ikiwa walichotia ni kloramini, ndugu yake klorini, utangoja mpaka uzeeke, lazima utie dawa ya kuiondoa. Kwamba sponji ya kichujio nasuuza kwenye ndoo ya maji machafu niliyotoa, si bombani, kwa sababu mle ndani wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitriti, kisha naitreti, na ukiwaua hao umemuua Mzee kwa mzunguko. Nilipofika kwenye themomita (ndoo ilikuwa nyuzijoto 24, tangi 25, tofauti ya moja haina neno) wifi alikuwa kashaegemeza shavu kwenye kiganja.

Nikaweka sahani juu ya changarawe, nikaanza kumimina kwa kikombe juu yake, taratibu, maji yasichimbe. Kikombe, tena kikombe.

Ndipo aliposema: "Kumbe subira unayo, wifi."

Sikujibu kitu. Nilicheka kidogo, kile kicheko cha kumstahi mgeni.

Kumbe subira unayo! Kwa hiyo siku zote walikuwa wanasema sina? Wanasema wapi, kwenye kundi lile la familia ambalo mimi simo? Au ni kaka yake aliyenishitaki? Au ni yale mambo ya mapazia ya mama mkwe, ambayo wasomaji wa zamani mnayajua na wapya msiulize? Nimeisikiliza kichwani kwa sauti ya utani, ikapita. Nimeisikiliza kwa sauti ya kijembe, ikapita vizuri zaidi. Jibu lenyewe lilinijia Jumatatu nikiwa bafuni: "Samaki hanijibu, wifi, ninyi mnajibu." Zuri, lakini la kumwambia nani tena, mswaki?

Mama katolewa nyuzi, anaendelea vizuri, asanteni mliouliza.

Jana usiku, saa nne imepita, simu ikaita ujumbe. Wifi. Nikajua leo ndiyo leo. Nafungua: "Eti wifi, yule samaki ni kweli anasikia? Maana ulinikataza kugonga meza."

Nikakaa kitako. Nikamwandikia gazeti zima. Kwamba kambare ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio, kwa hiyo ndoo ikigonga meza kwake ni mshindo. Kwamba mwaka 1923 mwanasayansi Karl von Frisch alieleza jinsi alivyomfundisha kambare kipofu kuja akipigiwa mluzi. Kwamba hata sauti wanayo: wa jamii ya Mzee husugua mzizi wa mwiba wa pezi kwenye kiungo chake, ukasikia mkwaruzo, hasa wakikamatwa au wakitishwa. Jumamosi ile hatukusikia mkwaruzo wowote, na nilipowasha hita tena alikuwa kashatoka chini ya gogo, yuko juu kabisa, kichalichali, analamba uso wa maji mapya.

Akajibu: "Mpigie mluzi basi umwambie shangazi anamsalimu."

Shangazi! Nilicheka mpaka baba watoto akaamka akidhani kuna jambo. Nikamuuliza palepale, gizani, kama aliwahi kumwambia dada yake kwamba sina subira. Akasema, "Saa hizi?" akageukia ukutani. Sasa hilo nalo ni jibu gani?

Nikamwandikia wifi kwamba salamu zimefika. Mluzi nitaujaribu wakati wa kumlisha, nikishajua kupiga mluzi.

Halafu kuna hii karatasi ya shule aliyokuja nayo mdogo. Inataka saini ya mzazi ukurasa wa mwisho, kesho asubuhi, na ukurasa wa pili, ule wenye masharti yenyewe, haumo. Yeye anasema haukuwemo tangu mwanzo. Mwalimu hapokei simu.