Injini ya Nissan kwenye chasisi ya Land Rover: nilivyochagua na nilivyopita ukaguzi Mtwara

Gari lenyewe ni Land Rover 109 Series III, au tuseme zamani ndivyo lilivyokuwa. Mjomba aliponikabidhi kule Kitangari, Newala, lilikuwa limebaki chasisi, ekseli mbili, giaboksi, usukani na kadi ya usajili. Mabati ya bodi yalikuwa yameezeka banda la mbuzi, na bado yamo, maana bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haili kutu. Injini yake ya petroli ya cc 2286 ilishauzwa kipande kipande. Kilichonivuta ni kadi. Mjomba alikuwa ameshabadilisha namba za zamani akapewa hizi za T, na chasisi yenye kadi hai unaweza kuijenga ukaiingiza barabarani. Bila kadi ungekuwa unanunua chuma chakavu.

Nilichotaka ni pikapu ya kutoa korosho shambani na kupeleka maji, basi. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Mtwara mjini, kwa hiyo waya nilijua nitazifunga mwenyewe. Kuchomelea na bodi nilimpa fundi wa Chikongola. Injini ndiyo iliyokuwa mjadala, na katika mjadala huo kila mtu ana lake.

Mjomba alitaka 1HZ ya Land Cruiser. "Mjomba, tia 1HZ, ule mlima wa kutoka Mtama utaupanda unaimba." Ni kweli, cc 4164 na silinda sita, hakuna mlima utakaoisumbua. Tatizo ni vilivyo nyuma yake. Giaboksi ya Series haikutengenezwa kwa nguvu ile. Ekseli ya nyuma ya 109 ni Salisbury, hiyo ni ngumu, lakini giaboksi ingeanza kutema meno kabla msimu wa korosho haujaisha. Halafu ni ndefu na nzito, ingebidi kukata mbele na kusogeza rejeta, na uzito wote ule ungelalia springi za mbele. Tena nyingi zilizotoka kwenye Land Cruiser za Japani ni za volti 24, maana yake stata, altaneta na plagi za hita zote ni za 24, wakati gari langu ni la 12. Nikaiweka kando.

Zikabaki mbili: 3L ya Toyota, cc 2779, na TD27 ya Nissan, cc 2663. Zote dizeli, zote nguvu yake haiko mbali na ya ile petroli ya mwanzo, na zote unaweza kuzipata zenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Hilo la kompyuta nililiwekea mkazo. Huku shamba, injini ikizimika unataka kitu cha kufungua kwa spana.

Kwa spea, 3L inashinda. Imefungwa kwenye Hiace, na Hiace ziko kila kona. Nozo, gasketi, pete, vyote unavipata mjini hapa bila kusubiri mzigo wa basi kutoka Dar. Lakini 3L inatumia taiming belti, yaani mkanda wa kuendesha vali kwa wakati wake, na belti ina maisha yake, tena mchanga na oili vinayapunguza. TD27 haina belti kabisa, taiming yake ni ya gia. Vali zinasukumwa kwa fimbo kama kwenye injini ileile ya Land Rover niliyokuwa naibadilisha. Ni ya kizamani na ina kelele. Kwa gari litakalolala kwenye mchanga wa Kitangari na kusahauliwa miezi kadhaa kati ya msimu na msimu, ukizamani huo kwangu ulikuwa sifa.

Hata hivyo kilichoamua hasa ni karatasi. Palikuwa na 3L hapa hapa mjini, bei yake karibu nusu ya TD27 niliyoonyeshwa Ilala, Dar. Inawaka vizuri, haitoi moshi. Nikaomba tochi nitafute namba. Pale kwenye bloku panapogongwa namba palikuwa pamepitishwa grenda, pakang'aa, kisha pakapakwa rangi ya fedha. Muuzaji akasema, "Bro, namba utagonga yoyote, nani anaangalia?" Anayeangalia ni mkaguzi, na hicho ni cha kwanza kabisa anachoangalia. Injini isiyo na namba, au yenye namba iliyochezewa, haiingii kwenye kadi, na inaweza kukufikisha kituoni ukaeleze uliitoa wapi. TD27 ya Ilala ilikuwa na namba safi, na muuzaji alinipa risiti yenye namba hiyo hiyo pamoja na nakala ya karatasi za forodha za mzigo ulioileta. Nikalipa.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitaji mpaka gari limekataa breki. Injini ya petroli inavuta hewa kupitia kabureta, na uvutaji ule ndio unaoisaidia hidrovaki ya breki, kile kifaa cha kulainisha pedali. Dizeli za aina hii hazina kizuizi cha hewa kwenye manifoldi, kwa hiyo uvutaji huo haupo. Ukifunga dizeli kwenye gari lililokuwa la petroli bila kufikiria hili, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwenye TD27 na 3L pampu ya vakyumu imekaa mgongoni mwa altaneta. Wauzaji wa injini za mtumba hupenda kuivua altaneta na kuiuza peke yake, au wanakufungia yoyote iliyo karibu. Nilikataa injini isiyokuja na altaneta yake, na nikahakikisha ni ya volti 12. Ile pampu pia inahitaji oili ya injini: mpira mmoja unaingiza, mwingine unarudisha. Ukisahau mpira huo, pampu inakufa mapema.

Kuunganisha injini ya Nissan na giaboksi ya Land Rover ndiko kulikokula muda. Matundu ya bolti hayalingani, kwa hiyo linahitajika bamba la chuma katikati. Fundi mkereza alilichora kwa kuweka belhauzi, yaani ganda linalofunika klachi, juu ya karatasi ngumu na kugonga kingo kwa nyundo ndogo mpaka alama zikatokea. Matundu ni kazi nyepesi. Kazi iko kwenye kitovu. Ncha ya shafti ya giaboksi inaingia kwenye bushi iliyo katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na ikienda upande hata kwa unene wa wembe, beringi zitaanza kulia na klachi haitaachia vizuri. Mzee yule alifunga saa ya kupimia kwenye flaiwili, akaizungusha injini kwa mkono taratibu huku anatazama mshale, akalegeza, akagonga kidogo, akazungusha tena. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kushika tochi. Kisha akapima urefu, ili ncha ya shafti isigote mwisho wa tundu. Bamba lilipofungwa moja kwa moja, klachi ikawa laini.

Kabla ya kufunga nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mwendo. Difu za Series ni 4.7 kwa 1, gia ya nne inapita moja kwa moja, na transfa, giaboksi ndogo iliyo nyuma ya giaboksi kuu, inaongeza kama 1.15 kwa 1. Tairi za 7.50-16 zina mzingo wa karibu mita 2.5. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa injini inazunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Kwa 100 inapita 3,500. Nguvu ya kuvuta ya TD27 iko mizunguko ya chini, karibu 2,200, kwa hiyo kwenye 60 mpaka 70 iko mahali pake. Anayetaka kwenda Dar kwa 110 ajue hii si dawa yake.

Vijana wa kijiweni walipoona bodi niliyomchomeleshea fundi, mabati ya bapa na kona za pembe, wakaliita Nyumbu, wakikumbuka lile lori la jeshi la Kibaha. Jina limeganda.

Ukaguzi sasa. Kadi ya gari ina mambo mengi kuliko watu wanavyodhani: namba ya chasisi, namba ya injini, cc, aina ya mafuta, aina ya bodi, rangi, idadi ya viti, uzito wa gari tupu. Mimi nilikuwa nimebadilisha karibu vyote isipokuwa chasisi. Kwa hiyo kabla ya kwenda TRA kubadilisha taarifa, polisi wa usalama barabarani lazima walione gari na kuandika. Uzito nilikwenda kuupima kwenye mzani wa ghala la korosho kabla msimu haujaanza, nikapewa karatasi.

Mkaguzi alizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Gari gani hii, ndugu?"

"Land Rover, afande."

"Land Rover yenyewe iko wapi?"

"Iko chini, afande."

Akacheka, akainama. Kwenye Series III namba ya chasisi imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye kibebeo cha springi. Nilikuwa nimeshaisugua kwa brashi ya waya na dizeli, na fundi wa rangi nilimkataza kabisa kugusa pale. Afande alipitisha chaki, akafuta kwa kidole, tarakimu zikabaki nyeupe kwenye chuma cheusi. Akasoma moja moja huku mwenzake anafuatisha kwenye kadi. Kisha injini, hivyo hivyo, dhidi ya risiti.

Taa, indiketa, honi, waipa, vioo, mikanda, viakisi, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu vilipita haraka. Mabenchi ya nyuma niliyokuwa nayafikiria aliyakataa kabla sijamaliza sentensi: pikapu, viti vitatu, mbele tu. Alipitisha kiganja kwenye kingo za bodi kutafuta bati linalokata. Breki ya mguu aliijaribu kwa namna ninayoipenda. Gari likiwa limezimwa alikanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, akaishikilia, akaniambia niwashe. Pedali ikashuka kidogo chini ya mguu wake. "Hidrovaki inafanya kazi," akasema, akaandika.

Hendibreki ikagoma. Kwenye kimwinuko gari liliteleza kurudi nyuma taratibu. Hendibreki ya Series haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja nyuma ya transfa, inashika propela shafti. Oili sili ya transfa ikivuja, mafuta yanaingia moja kwa moja kwenye lainingi, na hata ukaze vipi hutapata breki. Nilijua ni hilo nilipoona dramu inang'aa kwa mafuta. Afande hakunisumbua: "Kashughulikie, urudi na hili hili, mengine nimeyaona." Sili mpya, lainingi mpya, na kwenye kile kimwinuko gari likasimama.

TRA nilipeleka ripoti ya ukaguzi, kadi halisi, risiti ya injini, karatasi ya mzani, na mkataba wa mauziano kati yangu na mjomba, kwa sababu nilihamisha umiliki papo hapo. Ukienda na TIN yako na majina yanayofanana kwenye karatasi zote, unapunguza safari. Majina ya mjomba kwenye kadi yalikuwa na herufi moja tofauti na kitambulisho chake, na hiyo ilitaka hati ya kiapo.

Kadi mpya inasema dizeli, cc 2663, pikapu, kijivu, viti vitatu. Mwaka wa kutengenezwa umebaki ule ule, 1979, kwa kuwa mwaka unafuata chasisi. Wakala wa bima alipouona alinitazama, akachungulia gari dirishani, akarudi kuisoma kadi upya. Nikamwambia aandike kama ilivyo.