Mfungueni, mkamwache aende zake

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii iko Yohana 11, ila leo tusikae pale tunapokaaga siku zote, pale Lazaro anaitwa atoke kaburini, twende mstari wa 44 ambao mhubiri akifika hapo watu washaanza kupiga makofi na vigelegele hakuna anayesikia tena.

Lazaro katoka, mzima kabisa, ila miguu na mikono imefungwa sanda na uso umefungwa leso. Sasa hivi kweli aliyemfufua mtu wa siku nne angeshindwa kuifanya ile sanda ianguke yenyewe? Kwenye Matendo 16 Paulo na Sila wako gerezani likaja tetemeko, vifungo vya wafungwa wote vikalegea bila mtu kugusa, kwa hiyo Mungu akitaka anaweza. Lakini pale Bethania, kijijini kwa Lazaro, Yesu anawageukia watu waliosimama na kuwaambia, "Mfungueni, mkamwache aende zake." Uhai katoa yeye, mafundo kawaachia wao.

Na kazi yenyewe wala sio nzuri, tusidanganyane. Martha, dada yake Lazaro, alishasema ananuka. Kufungua fundo lazima usogee, uiname, ushike kitambaa kilichokaa na maiti siku zote hizo, na hao ni watu wa Torati ambao Hesabu 19 inawaambia anayegusa maiti ni najisi siku saba. Haleluya ya mbali ni rahisi zaidi, ndo maana tunaipenda.

Halafu someni na Luka 13. Kuna mama kapinda mgongo miaka 18, Yesu anamwambia amefunguliwa, ananyooka palepale, na mkuu wa sinagogi anakasirika kwa sababu ni sabato. Tusimcheke haraka huyu mzee. Walimu wa Kiyahudi walikuwa na orodha ya kazi 39 zilizokatazwa siku ya sabato, kufunga fundo ni kazi mojawapo na kufungua ni nyingine, ipo kwenye Mishna, kitabu cha mafundisho yao kilichokusanywa baadaye kama mwaka 200 hivi, na humo wanajadili mpaka aina ya fundo, kwamba la waongoza ngamia na la mabaharia yana hatia, na Rabi Meir anasema fundo unaloweza kulifungua kwa mkono mmoja halina hatia. Mi nawaheshimu kwa hilo, walitaka kumcha Mungu hadi kwenye kamba. Ila Yesu anawauliza, punda na ng'ombe si mnawafungua siku hiyohiyo mkawanyweshe maji? Sasa huyu binti wa Ibrahimu aliyefungwa miaka 18 asubiri nini?

Sasa sisi. Mtu kaokoka, pombe kaacha, na bado tukimtaja tunasema "yule aliyekuwa mlevi", hapewi hata kusoma Neno mbele za watu, dada ndoa yake ilivunjika miaka mingi imepita lakini akiingia mnaangaliana. Yuko hai, Yesu kashamwita na katoka, ila mikono bado iko kwenye sanda na sisi tumesimama tunamwangalia tunashangaa mbona hatembei vizuri. Wengine tunamvuta kwa nguvu, tunamkemea mbele ya kanisa zima, na fundo ukilivuta ndo linazidi kukaza, wote tunajua, linataka kucha na muda na mtu asiyechoka.

Kwa hiyo kwenye maombi ya wiki hii, ukisema "Bwana mfungue fulani", ukimaliza mtafute huyo fulani, kaa naye.

Na swali la kujadili: Luka 13:14, yule mkuu wa sinagogi kamkasirikia Yesu, mbona maneno yake anawaambia mkutano, kwamba siku za kufanya kazi ni sita, waje siku hizo waponywe?