Nilivyochagua matairi mapya ya Hilux inayovuta mashine ya kupukuchua mahindi

Msimu wa kupukuchua ukianza huku kwetu Njombe mi silali nyumbani. Kuanzia Julai hadi Septemba niko barabarani na Hilux Vigo yangu single cabin, nyuma nimefunga tela lenye mashine, kule kwenye bodi kuna vijana wanne, madumu ya dizeli, mikanda ya spea, unga na masufuria, tunazunguka vijijini kuanzia Makambako mpaka Wanging'ombe tukipukuchua mahindi ya watu kwa gunia. Kwaiyo gari hii ndo kazi yenyewe, na ikilala njiani kwa sababu ya tairi kuna mtu mahindi yake yako juani yananisubiri.

Mwaka jana tairi la nyuma kushoto lilipasuka kati ya Makambako na Njombe mjini. Tulikuwa kwenye 80 hivi, tukasikia mlio kama wa bomu, afu nyuma ya gari ikaanza kuyumba na tela nalo linavuta upande wake, namshukuru Mungu hakukuwa na basi linakuja mbele. Wale vijana kule nyuma hakuna aliyeumia ila mmoja alikaa chini pembeni ya barabara kama nusu saa hataki kuongea. Kilichonishangaza ni hiki: ilikuwa Julai, Njombe, ile baridi ya kuvaa makoti mawili, lakini nilivyogusa tairi la pili, lile lililobaki zima, lilikuwa la moto kiasi kwamba mkono haukai. Na halikuwa kipara, kashata (yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara) zilikuwepo bado nzuri kabisa, nilikuwa nimelinunua hata miezi nane halijafikisha.

Fundi matairi aliyetusaidia ni mzee mmoja, kazi hiyo anaifanya tangu mi sijazaliwa. Hakuangalia kashata wala jina la kampuni, aliinama akasoma maandishi ya ubavuni, akaniuliza, "Mwanangu, nani kakuuzia hili?" Nikamwambia nimelinunua dukani, mpya, jamaa akaniambia ni pana kuliko yale ya zamani kwaiyo linabeba zaidi. Mzee akatikisa kichwa akasema hili ni tairi la gari ya kubeba watu, we unavuta mashine.

Ndo akanifundisha kusoma, na nataka niieleze vizuri maana tuko wengi tunanunua kwa macho tu. Tairi langu lilikuwa limeandikwa 235/70R16 106. Ile 106 mwishoni siyo namba ya kiwanda, ni namba ya uzito, ina jedwali lake dunia nzima, na 106 maana yake tairi moja linabeba kilo 950 basi. Yale ambayo Hilux yangu ilikuja nayo yalikuwa 205R16C yameandikwa 110/108. Membamba, yanaonekana ya kizamani, lakini 110 ni kilo 1,060. (Hiyo 108 ya pili ni pale matairi yakifungwa mawilimawili kama kwenye malori, we soma ya kwanza.) Yani nilitoa hela nikapunguza uwezo wa gari, kilo 110 kila tairi, nikidhani nimeongeza!

Nilimbishia, nikamwambia mzee pana si ndo linakanyaga sana. Akasema kinachobeba mzigo ni upepo, mpira kazi yake ni kuushikilia huo upepo. Ile herufi C ni tairi la gari za mizigo, limeshonwa imara zaidi, langu la 205 limeandikwa 8PR (kiwango cha uimara wake), linaruhusu kujazwa upepo mpaka 65 kwa kipimo cha psi. Lile pana la 106 uwezo wake wote unaisha kwenye 36 hivi, hapo hata ukiongeza upepo huongezi kilo za kubeba, unafanya gari irukeruke tu. Sasa tairi likizidiwa, ubavu unakunjwa kila linapozunguka, kukunjwa kunaleta joto, joto linaachanisha nyuzi za ndani, afu bomu. Ndo maana lilikuwa la moto kwenye baridi ile.

Nikaona nisiendelee kukisia. Kuna godauni la mahindi Makambako wana mizani ya malori, nikaomba nipime siku moja asubuhi nikiwa na mzigo wote kama tunavyosafiri, watu ndani, tela nyuma. Unapandisha magurudumu ya mbele tu, unaandika, afu unasogea na ya nyuma yapande, unaandika, afu tela nalo. Mbele peke yake ilisoma 1,010, na ya nyuma yakipanda ikawa 2,770, na tela juu ikawa 3,850. Kwaiyo ekseli ya nyuma ilikuwa na 1,760, kila tairi 880, kama mzigo umekaa katikati, na mzigo haukai katikati. Kilo 70 tu za kujitetea, hapo tumesimama kwenye zege tambarare, hujaingia shimo, hujalala upande kwenye kona. Na tela likilala kwenye ndoano ya nyuma siyo kwamba linaongeza uzito wake ule tu, kwa sababu ndoano iko nyuma ya ekseli inafanya kama mtu anayebonyeza ncha ya ubao, mbele panainuka kidogo na ule uzito wa mbele unahamia kwenye matairi ya nyuma. Mi nilikuwa najua tela linajibeba lenyewe.

Halafu matairi ya tela, hapo ndo nilipata aibu ya kweli. Fundi aliyelitengeneza alitumia ekseli ya gari ndogo na tairi 175/70R13, namba 82, ambayo ni kilo 475. Kwenye mizani magurudumu mawili ya tela yalikuwa na 1,080. Piga hesabu mwenyewe. Misimu mitatu nimezunguka hivyo na watu kule nyuma.

Sasa kuchagua. Vijana walitaka yale ya kashata kubwa za tope, na kweli yanapendeza, ila kazi yetu ni kiangazi, vumbi na lami, tope hatulioni sana. Kashata ndefu zile zinacheza kwenye lami, na ukiwa na tela nyuma unalisikia linakutembeza, afu kelele na mafuta juu. Tairi la lami tupu nalo lisingefaa kwa sababu mwisho wa safari tunaingia shambani kabisa, na shamba lililovunwa lina visiki vya mabua, vile vilivyokatwa mshazari vimekauka vinachoma kama misumari, vinapenda hasa ubavuni. Nikachagua la kati, kashata za wastani, ubavu mgumu, 205R16C 110/108, size ileile ya gari. Matairi manne. Nilifikiria kununua mawili ya nyuma tu nisevu hela, lakini mwaka huu nataka niwe na gari moja inayokanyaga sawa pande zote, maana kwenye vilima tunaweka four wheel na hiyo haitaki matairi yanayotofautiana mbele na nyuma.

Dukani jamaa akaniletea manne yanang'aa, nikamwomba tochi. Kuna kiduara kimeandikwa DOT, mwishoni namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Mawili yalikuwa ya mwaka huohuo, mawili yalisoma 1418, yani wiki ya 14 mwaka 2018. Hayajawahi kukanyaga barabara lakini mpira umekaa store miaka yote hiyo unakauka, ukikunja kidogo unaona nyufa kama za kisigino. Akasema "bosi hayo ni mapya, stika hiyo hapo." Nikayarudisha kwa upole. Duka la tatu ndo nikapata manne ya mwaka mmoja.

Nimebadilisha na vali zote nikaweka za chuma, maana napiga upepo mwingi. Nyuma nikiwa na tela najaza 55, mbele 36, asubuhi kabla gari haijatembea. Tukimaliza msimu na bodi ikiwa tupu nashusha nyuma mpaka 40, ukiacha 55 gari tupu inaruka na tairi linalika katikati. Mchana upepo ukipanda kwa joto siupunguzi, niliwahi kufanya huo ujinga na kesho yake asubuhi nilikuta tairi limekaa chini. Tela nimelifungia rimu za 14 na tairi 185R14C namba 102, kilo 850 kila moja.

Msimu huu mpaka sa hivi tumeshafika Ilembula mara mbili na kurudi. Kila tukisimama kunywa chai shemeji ambaye ndo mwendesha mashine anashuka anapitisha kiganja kwenye matairi yote sita kabla hajaagiza kitu, kuna vuguvugu tu, hamna la kuunguza. Kilichobaki ni spea, bado ni lile la 106 limefungwa chini ya gari, hela haikutosha la tano. Tumekubaliana likihitajika linaenda mbele, zuri la mbele linahamia nyuma, na tunatembea spidi 40 mpaka kwa fundi wa karibu. Mteja wetu mmoja, mzee wa Ilembula, akilipa magunia yake sitini, la kwanza kununua ni hilo.