Chini ya farasi wa Timur

Nimetoka sasa hivi bustani ya Amir Timur, mtawala mshindi wa vita wa karne ya 14, katikati ya Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan.

Nimemkuta mzee na mjukuu wake chini ya sanamu. Akaniambia kwa Kirusi: ujanani mwake hapa palikuwa na sanamu ya kichwa cha Karl Marx, baba wa ukomunisti.

Uhuru kutoka Muungano wa Kisovieti ulikuja 1991. Mwaka 1993 akapandishwa Timur na farasi wake.

Na ni Wauzbeki wa mfalme wao Shaybani Khan walioung'oa uzao wa Timur katika mji wa Samarkand! Leo Timur ndiye shujaa wa taifa lao. Nimewaza sana.

Mtoto ananyooshea kidole maandishi ya jiweni, babu anamsomea polepole: nguvu imo katika haki.

Sauti ile bado iko masikioni mwangu.

Jamani, mjini kwenu kasimamishwa nani? Niambieni.