Chembe nyeupe za mama
Siku ya kumi baada ya mama kutundikiwa dripu ya dawa za saratani, majibu ya damu yalisoma chembe nyeupe 900 kwa mikrolita. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kama 4,000 hadi 11,000. Dawa ile huua saratani, lakini huumiza pia uboho, zinakozaliwa chembe hizi.

Usiku kipimajoto kikaonyesha 38.3. Nikamkagua kidole alichojikata: chekundu kidogo tu, hata tone la usaha hakuna. Nikashukuru. Kumbe usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga ya chembe nyeupe zilizokufa zikipigana na bakteria, na mama hakuwa na askari wa kufa!

Tulikimbia hospitali usiku uleule, wakamwanzishia antibiotiki ya mshipani bila kungoja vipimo vingine. Leo chembe zake nyeupe ziko 3,200. Karatasi ya majibu nimeishika mpaka imelegea mikononi.